Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: Nani Alipanga Tule Wapi, Tununue Wapi, Tucheze Wapi?

Mhadhiri mwenzangu kutoka Kampala alipita Dar es Salaam akiwa na siku moja tu ya mapumziko. Akaniuliza, kama wageni wote waulizavyo, ale wapi, anunue wapi zawadi za watoto, na jioni aende wapi. Nilimjibu bila kufikiri: chakula cha mchana ale Kisutu, vitenge na khanga avifuate Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na jua likianza kuzama aende Coco Beach akale mihogo ya kukaanga huku akitazama bahari. Kama bado ana nguvu, usiku atafute dansi Kinondoni au Sinza.

Baada ya kuagana naye ndipo nilipogundua nilichokifanya. Nilikuwa nimemsomea ramani. Ukiacha usiku wa Kinondoni na Sinza, kila mahali nilipomtaja palikwisha kugawiwa kazi yake na watawala wa kikoloni, na mimi, mtu mwenye shahada tatu na maneno mengi ya kuupinga ukoloni darasani, niliigawa siku ya mgeni wangu kwa kufuata mistari yao ileile.

Kwa sababu hiyo nimeamua kuandika juu ya matembezi ambayo huwafanyisha wanafunzi wangu kila mwaka. Tunaanzia Kivukoni, tunapanda hadi Mtaa wa Samora, tunaingia Kisutu, tunavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, na kuishia Kariakoo sokoni. Njia yenyewe haifiki kilomita tatu. Mwanafunzi mwenye miguu mizuri huimaliza kwa dakika arobaini, lakini sisi hutuchukua asubuhi nzima, maana katika njia hiyo fupi mtu hupita ndani ya miji mitatu.

Tuanze na sheria, kwa kuwa watumishi wa umma ni wengi miongoni mwa wasomaji wangu na wao hujua kwamba mji huandikwa kwanza kwenye karatasi. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla ya ndoto yake kutimia. Wajerumani waliuhamishia mji mkuu wao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na tangu mwaka huohuo wakaanza kutunga kanuni za ujenzi. Kanuni ya mwaka 1914 iliugawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza, iliyotazama bahari, ilikuwa ya majengo ya Kizungu peke yake. Ya pili, nyuma yake, iliruhusu majengo imara ya biashara na makazi. Ya tatu, nyuma kabisa, ndiyo iliyoachiwa nyumba za miti, udongo na makuti. Vita viliwakatiza Wajerumani kabla ya kuitekeleza vema. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na katika miaka ya 1920 wakaichukua kanuni hiyo na kuifanya yao.

Hapa huwa nawasimamisha wanafunzi na kuwataka wasome kwa makini. Kanuni za Waingereza hazikusema Mwafrika asikae hapa wala Mhindi asikae pale. Zilizungumzia aina ya jengo. Kulikuwa na sababu ya adabu hiyo. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Uingereza iliitawala kwa udhamini wa Jumuiya ya Mataifa, na masharti ya udhamini yalitaka raia wa nchi wanachama watendewe sawa. India ilikuwa mwanachama. Kwa hiyo ubaguzi ulivikwa vazi la uhandisi: ukitaka kuishi ufukweni, jenga nyumba ya mawe yenye vipimo kadha wa kadha, yenye choo cha namna fulani, katika kiwanja cha ukubwa fulani. Asiyeweza gharama hizo angejiondoa mwenyewe. Watu wa mji hawakudanganyika. Wao waliziita kanda hizo kwa majina ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Uzunguni hatukai sana. Kulikuwa na hoteli ya Kaiserhof, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa New Africa, kulikuwa na klabu za wanachama na viwanja vya gofu, na kulikuwa na barabara ya maduka yenye miti iliyoitwa Acacia Avenue, leo Samora. Pale inapokutana na Azikiwe ndipo iliposimama sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali alipokuwa amesimama Wissmann wa Wajerumani. Starehe ya Uzunguni ilikuwa starehe ya kufunga mlango: kadi ya uanachama, mlinzi getini, bustani ndani. Baadaye wakubwa walisogea kaskazini hadi Oysterbay wakaendeleza desturi hiyohiyo, na baada ya uhuru nyumba zao zikachukuliwa na wakubwa wetu. Jambo la ajabu ni kwamba ufuko uliokuwa mbele ya nyumba hizo ndio uliogeuka uwanja wa sikukuu wa watu wa Manzese na Tandika. Kila Jumapili vijana hufika Coco Beach kwa daladala na bodaboda, wakala mihogo yenye pilipili na ndimu mbele ya mabalozi. Majaribio ya kuukabidhi ufuko huo kwa wawekezaji yamezusha mabishano yaliyofika mahakamani, na mpaka leo watu wanaula muhogo wao palepale.

Uhindini ni habari nyingine. Tukiingia Kisutu na mitaa ya Jamhuri na Indira Gandhi, nawaambia wanafunzi watazame juu, si vioo vya maduka. Juu kuna vibaraza vya mbao na chuma, nakshi za saruji, na katika baadhi ya majengo mwaka uliochongwa kwenye paji la nyumba. Mpango wake ni mmoja: duka chini, familia juu. Mwenye duka hakusafiri kwenda kazini, alishuka ngazi. Kwa sababu familia iliishi juu ya biashara, mtaa haukufa saa kumi na moja jioni kama unavyokufa mtaa wa ofisi. Jioni palikuwa na misikiti, mahekalu, chai, badia, kachori, na sinema. Avalon na Empire zilikuwa kumbi za mji mzima. Mswahili wa Kariakoo alivaa shati lake safi akavuka Mnazi Mmoja kwenda kutazama filamu ya Kihindi, akarudi anaimba nyimbo ambazo hakuelewa neno lake hata moja. Nimewahi kuwasikia wazee wakiziimba hadi leo bila kukosea.

Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilizichukua nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo wenyewe hawakuwa wakizikalia zote. Zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikarithiwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Siandiki hapa kuitetea wala kuishutumu sheria ile; madhumuni yake ya kuvunja utajiri wa kodi za nyumba nayaelewa. Lakini matokeo yake katika mtaa ni wazi. Familia nyingi ziliondoka nchini, mpangaji hakuwa na sababu ya kupaka rangi nyumba isiyokuwa yake, na ardhi ilipopanda bei baada ya soko huria, jengo la ghorofa mbili la miaka ya 1930 likawa kikwazo. Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Chakula kimebaki. Jioni, makaa huwashwa pembeni mwa barabara, kuku na mishkaki hupangwa, na meza za plastiki huteka njia ya waenda kwa miguu. Wanaokula ni Wahindi, Waarabu, Wasukuma, Wachaga, wote wanapigwa moshi uleule.

Halafu tunafika Mnazi Mmoja. Wanafunzi hudhani ni bustani tu. Waingereza waliutaka uwanja huu uwe ukanda mtupu kati ya Uhindini na Uswahilini, wakisema ni kwa ajili ya afya, yaani maradhi ya Waswahili yasivuke. Hivyo bustani yetu ilizaliwa kama ukuta usio na matofali. Lakini mtu ukimwachia Mswahili uwanja mtupu, usitegemee utabaki mtupu. Watoto walicheza mpira, watu wakaswali Idi, na ukingoni ukajengwa ukumbi wa Arnautoglu, ambamo watu wa Kariakoo walicheza dansi na kusoma madarasa ya jioni. Desturi hiyo haijafa. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 kupinga namna kodi inavyokusanywa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa hakuwaita ofisini. Alikutana nao Mnazi Mmoja, na wafanyabiashara wakazungumza mbele yake kwa uchungu ambao televisheni ziliurusha moja kwa moja. Mahali palipotengwa ili pande mbili zisikutane pamekuwa mahali pa kukutania.

Kariakoo ndiko tunakomalizia asubuhi, na ndiko ninakopenda kukaa. Hili lilikuwa shamba; Wajerumani walilinunua wakipanga kuwahamishia Waafrika huko, wakajenga na banda la soko. Vita vikaingilia. Waingereza wakapiga kambi hapo na wapagazi wao wa kijeshi, wale wa Carrier Corps, watu waliobebeshwa risasi na unga kuelekea kusini na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ulimi wa mji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Sijui soko jingine lolote ambalo kila anayelitaja hutaja kaburi bila kujua.

Baada ya vita viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na watu wakajenga. Walichojenga ndicho kiini cha makala haya. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, nyuma uwani kwa jiko, choo na wanawake wakipika, mbele baraza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Wengi wa wenye nyumba hawakuwa matajiri. Walikuwa Wazaramo, Wamanyema waliotoka upande wa Kongo, Wanubi, na wanawake miongoni mwao hawakuwa haba, maana nyumba ilikuwa mtaji ambao mwanamke angeweza kuumiliki bila kuomba ajira kwa mtu.

Sheria iliitazama nyumba hii kama jengo la daraja la tatu. Lakini mtazame jinsi inavyofanya kazi. Asubuhi baraza ni mgahawa: vitumbua, chai, maharage. Mchana ni duka au cherehani ya fundi. Jioni ni klabu: bao, drafti, kahawa chungu na kashata. Usiku wa harusi ni jukwaa la taarabu. Hakuna aliyehitaji kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, kwa kuwa matumizi yote yalikuwa ndani ya nyumba moja kwa zamu. Wataalamu wa mipango miji sasa wanasafiri kwenye makongamano kujifunza kwamba mtaa mzuri ni ule unaochanganya makazi, biashara na burudani. Bibi zetu walikwisha kufika.

Baraza haikutosha kwa muziki. Dar es Salaam Jazz Band ilianza katika miaka ya 1930, na vyama vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vikagawana mashabiki. Mwaka 1935 wakazaliwa Young Africans, mwaka uliofuata wakatokea waliokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971 Simba. Klabu ya Yanga bado iko Jangwani, ya Simba Mtaa wa Msimbazi. Mtu akitaka kujua siasa za nchi hii, akae saa moja nje ya mojawapo kabla ya mechi. Utawala uliziona starehe hizi kwa jicho la shaka. Ngoma ilihitaji kibali, kutembea usiku kuliwekewa masharti, na pombe kali ilizuiliwa Mwafrika. Serikali ilidhani inadhibiti starehe. Kumbe watu walikuwa wakijifunza kuandika katiba za vyama, kukusanya ada, kuchagua mwenyekiti na kumwondoa.

Hiyo ndiyo sababu TANU ilizaliwa Kariakoo, Julai 7, 1954, katika Mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, na si mahali pengine. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, ndiye aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alipoombwa mwaka 1955 awalete wanawake katika chama, alikwenda kwa waliokuwa wakimjua: viongozi wa vikundi vya ngoma na wapika pombe. Vitabu vya shule huandika kwamba wanawake walihamasishwa. Si hivyo. Walikuwa wamekwisha kujipanga katika starehe. Chama ndicho kilichopanda gari lao.

Uhuru haukuifuta kasumba ya kanda. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kubadili ngozi, na vijana wakawavamia wasichana kwenye kituo cha mabasi Kariakoo. Mwaka uliofuata muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Wakati huohuo, kwa upande mwingine, dola ileile ilikuwa mfadhili mkubwa wa dansi: NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoundwa 1978, ikaja kulelewa na shirika la maendeleo la mji, DDC. Sikinde na Msondo wakatugawa nyumba kwa nyumba. Na soko lenyewe likapewa jengo ambalo hadi leo naliona kuwa kati ya bora katika nchi hii: msanifu Mtanzania, Beda Amuli, aliliwekea paa la miavuli mikubwa ya zege, na chini yake upepo ukapita kama chini ya mwembe. Kwa mara ya kwanza kanda ya tatu ilipewa jengo la daraja la kwanza.

Kisha likaja soko huria, na Kariakoo ikaanza kupanda juu. Nasema hivi nikiwa na maslahi yangu. Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya vyumba sita si mbali na Mtaa wa Sikukuu, na nilipokuwa sekondari nililala katika chumba chake cha mbele, nikisikia kupitia dirisha mabishano ya mpira barazani hadi saa sita. Alipofariki, warithi tulikuwa kumi na mmoja. Dalali alituonyesha hesabu: kila mmoja angepata fedha ambazo nyumba isingetuzalishia katika miaka ishirini. Tulitia saini wote, na mimi nilitia saini. Sasa hapo pana ghorofa yenye fremu chini, fremu juu, stoo juu zaidi. Fremu moja ya mlango mwembamba inadai kilemba ambacho mshahara wa mhadhiri haukifikii. Hakuna anayelala mle. Saa mbili usiku mageti ya chuma yanashushwa na mtaa unabaki kwa walinzi na paka.

Sitaki kuwa mzee anayelilia makuti. Kariakoo ya leo inawavalisha watu wa Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Bujumbura; ukisimama Mtaa wa Congo kwenye nguo au Aggrey kwenye simu, utasikia Kiswahili cha nchi tano. Ajira zilizomo haziwezi kupuuzwa na mtu mwenye akili. Lakini uzito tulioupandisha juu ya viwanja vilivyopimwa kwa nyumba ya vyumba sita una gharama. Julai 10, 2021, usiku, moto uliunguza soko la Amuli. Novemba 16, 2024, ghorofa iliporomoka mchana kweupe na watu zaidi ya 20 wakafa. Wengine walizungumza na ndugu zao kwa simu kutoka chini ya kifusi. Tume ikaundwa kukagua majengo. Mimi ningependa tume hiyo iulizwe pia swali ambalo haliko katika hadidu zake za rejea: ni nani aliyeidhinisha mtaa usio na mkazi hata mmoja?

Maana mkazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa jengo, mteja wa mama lishe na mwenyeji wa machinga. Alipoondoka, machinga walijaza baraza ambayo haikuwa tena ya mtu. Na Oktoba 2021 wakaondolewa, kwa lugha ya usafi na mpangilio. Niliposoma matangazo yale nilikumbuka kanuni za miaka ya 1920. Hayakutaja watu, yalitaja vibanda.

Maneno nayo yamehama. Kijana wa leo hasemi Uzunguni, anasema ushuani. Uhindini limebaki kwa wazee. Uswahilini peke yake limeendelea kuishi, ila haliko tena Kariakoo. Limehamia Manzese, Tandale, Mburahati, Tandika, ambako watu wamekwenda na baraza zao. Huko ndiko singeli ilikozaliwa, katika vigodoro vinavyofunga mtaa usiku kucha. Anayetaka kupiga kigodoro sharti kwanza apate kibali.

Mgeni wangu wa Kampala alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege. Kisutu alikula vizuri, Coco Beach alipapenda, vitenge alivipata. Akaniambia kuwa Kariakoo alikaa hadi usiku, akashangaa kuona, maduka yalipofungwa, mzee mmoja akitandika kiti kidogo kwenye kizingiti cha fremu, birika la kahawa juu ya makaa, na wanaume wanne wamekuja kutoka kusikojulikana wakakaa kwenye ngazi za saruji wakibishana habari za Simba. Nilimwuliza ni mtaa gani. Hakukumbuka jina. Mapema mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa Kariakoo kufanya biashara saa 24, na fremu zikiacha kufungwa usiku, mzee yule itambidi atafute kizingiti kingine.